Kabichi Aliyoitapika Mtoto Asiye na Meno

Jamani mliokaa kule nyuma, sogeeni kwenye moto, baridi ya Shume haina adabu. Niwape habari za madaktari wa ukoo wetu. Kwetu kila mtu ni daktari, kasoro aliyesomea.

Mwanangu wa kwanza alikuwa hajaota hata jino. Asubuhi moja akaanza kulia, kilio cha kuangusha misonobari. Anakunja magoti mpaka kifuani, analia, ghafla ananyamaza, analegea kama kitambaa, kisha anaanza upya. Mama yangu akamtupia jicho moja tu, akasema huo ni mchango, tumbo la watoto wote, akaenda kuchimba mizizi. Mtoto akatapika. Matapishi ya kijani. Mashangazi wakakaa kikao, hukumu ikatoka: mke wangu amekula kabichi nyingi, imepitia kwenye maziwa. Akili hiyo hata Ulaya hawana. Basi akakatazwa kabichi. Shume hii, ukimkataza mtu kabichi unataka ale nini, mawe?

Mchana tumbo la mtoto limejaa kama ngoma, na kwenye nepi hamna choo, kuna damu na ute, kama mlenda mwekundu. Mke wangu hakungoja kikao kingine. Akamfunga mtoto kwa kanga. "Mama, unisamehe," akasema, "mimi nashuka mjini." Nikamfuata. Mama naye nyuma, chupa ya mizizi kwapani.

Daktari, maskini, hakuuliza kabichi. Aliuliza kilio kinakujaje, matapishi rangi gani, kisha akabonyeza tumbo taratibu, akakuta kitu kirefu kama soseji. Akampiga picha ya tumbo kwa mashine. Akasema utumbo umeingia ndani ya utumbo, kama mkono wa sweta uliovuliwa vibaya. Ile kijani ni nyongo iliyokosa njia. Tungelala nyumbani, tungeamka kuchimba kaburi.

Wakampasua, utumbo ukanyooshwa. Nesi akatuambia sasa tusubiri ajambe, ndipo tutajua njia imefunguka. Basi ukoo mzima tumezunguka kitanda, kimya kuliko ibadani, tunangoja ushuzi. Ukaja. Mdogo tu, lakini naapa mapazia yalitikisika. Mke wangu akaangua kilio cha furaha.

Mama akamgeukia daktari, chupa bado iko kwapani.

"Umeona, baba? Mchango huo umetoka."