Mchanga Ndani ya Pampu ya Baba

Harufu ya ngozi iliyolowekwa kwenye samli ya moto hainiachi salama mpaka leo. Juzi fundi wa mtaani kwetu alifungua pampu ya kisima changu, akaanza kulainisha ngozi yake, nami ikabidi nivute kigoda nikae. "Vipi, Bibi, presha?" akauliza. Nikamwambia si presha, ni Tabora. Akacheka, na sikumlaumu. Ninyi nitawasimulia, ila msinihukumu kabla sijamaliza.

Enzi za Mwingereza, mama yangu alisimamia uoshaji wa vyombo jikoni kwenye shule ya wasichana ya misheni, pembeni mwa mji wa Tabora. Mimi, Kalunde, nilisoma pale kwa sababu yeye alifanya kazi pale. Baba hakuwa nasi. Alikuwa Kaliua, akiendesha pampu ya kuyapa maji magarimoshi, na tulimwona mara chache kwa mwaka, akishuka stesheni na kibuyu cha asali na kikohozi chake cha moshi. Kila alipoondoka nililia mpaka kwikwi.

Nilipokuwa na miaka tisa, misheni ililetewa mashine ya kuoshea vyombo kutoka Ulaya. Ilikuwa sanduku kubwa la bati, ndani lina chaga za kupangia sahani, ubavuni lina gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Ukizungusha, pampu iliyo chini huvuta maji ya moto ya sabuni na kuyarusha juu ya vyombo. Yakidondoka, huyavuta tena. Hakuna aliyejua kuifunga. Baba alikuwa likizo, akaifunga kwa siku mbili. Sista Mkuu alipoona sahani zinatoka safi, akamwambia mbele yetu sote: "Ikifanya kazi vizuri mpaka likizo yako iishe, nitakuajiri uwe fundi wa misheni."

Yaani Baba angebaki nyumbani! Angekula nasi ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde, kila siku, kama baba za wenzangu. Jamani, nilivyosali wiki zile, hata magoti yalichubuka.

Sista alitoa amri moja tu: ndani ya sanduku ziingie sahani, vikombe na vijiko, sufuria hapana. Sababu tuliijua. Kwetu sufuria haijaoshwa mpaka isuguliwe kwa mchanga na majivu, ujione meno yako ndani yake. Atakayeingiza mchanga kwenye mashine, alisema Sista, ataondoka jikoni siku hiyo hiyo, yeye na wa kwake.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Wenzangu walinitania kwamba mashine ya baba yangu ni ya kuoshea vijiko vya Wazungu, ukoko wa ugali haiuwezi. Nikapandwa na hasira. Ijumaa moja, mama akiwa ghalani, nikasugua sufuria mbili kwa mchanga na majivu, nikazitumbukiza mle bila kuzisuuza, nikazungusha gurudumu mbele ya macho yao. Zikatoka zinameta. Nilitamba jikoni humo utadhani mashine niliiunda mimi.

Jumamosi asubuhi pampu ikaanza kukoroma. Maji yalipanda kidogo, yakarudi, kisha hayakupanda kabisa. Likizo ya Baba ilikuwa inaisha Jumatatu.

Akaitwa. Baba hakuwa mtu wa kukurupuka. Alizungusha gurudumu mara mbili, akasema, "Jepesi mno. Haivuti." Akatazama maji kwanza; yalikuwepo ya kutosha. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba ili aone kama linanyonya hewa. Povu likatulia pale pale. Kila alipokosa kosa mahali, nilijua anasogea kwangu. Mwishowe akaegemeza mwiko kwenye pampu, mpini wake akauweka sikioni, akaniambia nizungushe.

"Taratibu, mama," akasema. "Kuna kitu kinasaga humu."

Akafungua nati moja moja, akizipanga kwenye sahani. Niliomba hata moja iwe imeshika kutu ashindwe. Haikushika. Kifuniko kikatoka, na ile ngozi ya duara inayosukuma maji ilikuwa imelika ukingo mzima, vipande vinaning'inia. Akaingiza kidole, akatoa tope kidogo, akalisugua kiganjani. Mchanga, tena wa kijivu. Akanitazama. Kisha akamtazama mama aliyesimama mlangoni anakunjakunja pindo la kanga yake.

Akavua mkanda wake wa suruali, akakata kipande, akakiloweka kwenye samli ya moto, akakichonga duara. Suruali akaifunga kwa kamba ya katani. Ningekuwa na amani ningecheka. Akasuuza pampu mara tatu, akaifunga, na kabla ya chakula cha mchana maji yalikuwa yanapiga bati kwa nguvu kuliko siku ya kwanza.

Sista akaja. "Ilikuwa nini?"

"Mchanga, Sista."

Nikajificha nyuma ya mama.

"Nani aliuingiza?"

Mama akafungua mdomo. Baba akamuwahi. "Ni mimi, Sista. Nilipofunga bomba sikulisafisha vizuri. Mchanga ulibaki ndani."

Sista akamtazama, akaitazama na ile kamba ya katani. "Nilidhani wewe ni mtu makini," akasema, akaenda zake. Habari ya kazi haikutajwa tena.

Na mimi? Nilifurahi! Nilimwamini Baba, hakuwahi kunidanganya. Kumbe si mimi, ni yeye! Nilipomaliza kufurahi, nikaanza kukasirika. Jumatatu mama aliponiambia nimsindikize Baba stesheni, nikakataa. Nikamwambia Baba usoni, "Ungesafisha bomba lako vizuri, ungebaki."

Mama akainua mkono anizabe kofi. Baba akaudaka. "Mwache," akasema. "Ana haki ya kukasirika." Akabeba sanduku lake la nguo mwenyewe, akaondoka. Alikaa Kaliua miaka kumi na mmoja zaidi.

Nilikuwa na watoto watatu siku nilipomkaripia binti yangu kwa kuziba bomba la maji machafu kwa mchanga wa kusugulia sufuria. Ulipotoka, ulikuwa wa kijivu. Nikakiona tena kiganja cha Baba chenye ule mchanga. Bomba jipya la Ulaya lingepata wapi majivu?

Nikapanda treni kwenda kwa Baba. Alikuwa amestaafu, masikio yameharibiwa na pampu, ikabidi nipaze sauti mpaka majirani wakasikia dhambi yangu. "Baba, ule mchanga ulikuwa wangu!"

"Najua," akasema. "Mama yako pia alijua."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa mtoto. Ungejua wewe ndiye uliyenirudisha Kaliua, ungekuaje? Nikaona bora unikasirikie mimi."

Akaniuliza kama nimekula. Nikalia pale pale, mtu mzima mzima, naye akadhani ni njaa. Alinisamehe zamani kabla sijajua kosa langu, hilo nalikubali. Lakini ile njia ya kwenda stesheni aliitembea peke yake, na mimi nilikuwa nyumbani, nimenuna.