Kibati cha Fundi wa Soni

Nilifika Lushoto kwa kudandia magari ya watu. Sumbawanga hadi Tunduma nilipanda lori la mahindi, baada ya kumtengenezea dreva pampu yake ya maji. Tunduma hadi Makambako lilikuwa lori la saruji, na kutoka hapo hadi Morogoro nililala juu ya magunia ya viazi, nikiamka kila breki zinapolia. Sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa na sanduku la spana, blanketi moja, na umri ambao wenzangu walikuwa wameshaezeka nyumba zao. Chalinze nikamuuliza dreva mmoja wapi fundi wa dizeli hawezi kukosa kazi. Akacheka.

"Nenda Lushoto," akasema. "Ule mlima ni hospitali. Kila siku hukosi mgonjwa."

Nikashuka Mombo kwenye joto la jua kali. Pikapu moja ya dizeli ilikuwa inarudi milimani tupu, imeshashusha kabichi na karoti. Mwenyewe, mwanamke wa makamo aliyevaa sweta juu ya khanga, ndiye aliyekuwa akiendesha. Akaniruhusu nikae nyuma na sanduku langu. Tulipozifikia kona za chini ya Soni, mji mdogo wa katikati ya njia, gari likaanza kukohoa. Moshi mweusi ukatoka mpaka mbuzi waliokuwa wakila majani pembeni wakakimbia. Akasimamisha, akafungua mlango, akanitazama.

"Wewe mwenye spana, unajua kuzitumia au unakwenda kuziuza?"

"Najua, mama."

"Basi shuka ufanye kazi. Kwa mwendo huu utafika juu wewe kabla ya gari."

Nikafunua boneti. Ugonjwa niliujua kabla ya kugusa kitu. Kwenye injini hizi kuna valvu inayochukua sehemu ya moshi wa ekzosi na kuurudisha ndani, uungue tena, ili hewa inayotoka nje isiwe chafu sana. Mafundi huiita EGR. Mimi niliiita valvu ya moshi. Kwenye barabara tambarare haisumbui sana. Kwenye mlima ule, gari linapotambaa na mzigo kwa gia ndogo, masizi yanachanganyika na mvuke wa oili, yanakuwa kama uji wa lami, yanaganda. Valvu inabaki wazi, injini inakula moshi badala ya hewa. Niliifungua pale pale barabarani, nikaisugua kwa mswaki na dizeli, nikairudisha. Pikapu ikapanda.

"Itarudi tena hii?" akaniuliza tulipofika Soni.

"Itarudi. Kila baada ya wiki kadhaa inabidi isafishwe."

"Basi na wewe utarudi," akasema, akatia gia.

Maneno hayo ndiyo yaliyoniweka Lushoto. Nilipanga chumba chini ya soko, nikapata kazi kwenye magari mengine, lakini hesabu zangu zote zilikuwa za pikapu ile. Alikuwa mjane. Shamba lake la matunda na mboga lilikuwa juu ya mji, kwenye njia ya Magamba, na aliishi na bibi yake mzaa baba, kikongwe mwenye macho makali kuliko yangu. Jumamosi ya kusafisha valvu nilikuwa napiga pasi shati nitakalolichafua kwa masizi.

Siku ya kwanza nilipomaliza kazi walinipeleka jikoni, wakanipa kigoda karibu na moto, na ugali wao wanaouita bada pamoja na mnavu. Moyoni niliona wamenidharau. Sebule ilikuwepo, ina makochi na vitambaa vilivyofumwa, na mimi nalishwa kwenye moshi! Ilinichukua muda kuelewa. Katika nyumba ile mchungaji alilishwa sebuleni, mnunuzi wa mapeasi kutoka Tanga alilishwa sebuleni, bwana shamba alilishwa sebuleni. Jikoni walikaa watu wa nyumbani.

Tangu nilipoelewa hivyo, kigoda kile nilikiona changu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kumtibu mgonjwa wako?"

"Nimekuja, bibi."

"Hebu niambie kweli. Gari ndilo linaloumwa au wewe?"

Mjukuu wake alikuwa anacheka, anageukia chungu, na mimi nilikuwa nameza tonge bila kutafuna. Ningesema neno siku yoyote kati ya hizo. Sikusema. Nilijiambia valvu itaziba tena.

Kisha akaja fundi wa Soni. Alikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma kando ya barabara, na alikuwa akiimba besi katika kwaya ileile aliyoimba mwenye pikapu. Nilimkuta uani Jumamosi moja, ameinama juu ya valvu yangu, mikono nyuma kama mkaguzi. Walikuwa wakizungumza Kishambaa. Mimi nilikijua cha kusalimia, onga mshi na niwedi, basi. Walicheka kwa kitu nisichokielewa na nikahisi wamenicheka mimi. Mpaka leo sijui walicheka nini, na mpaka leo kinaniuma.

"Kaka," akaniambia kwa Kiswahili, kwa adabu kabisa, "kwa nini tusilizibe hili tundu? Nakata kibati cha chuma, nakibana hapa kati. Moshi haurudi tena. Injini inavuta hewa safi tupu."

Mwenye pikapu akanigeukia. "Unasemaje, fundi?"

Nilikuwa na majibu. Nikasema valvu iliwekwa kwa sababu, kwamba ukiiziba gari linatoa hewa yenye sumu zaidi hata kama huioni, kwamba injini inaungua kwa moto mkali zaidi, kwamba gari lenye kompyuta huweza kugoma. Yote yalikuwa kweli. Lakini niliyasema kwa sauti ya mtu anayenyang'anywa sahani.

"Mbona unatetemeka, mume wangu?" bibi akauliza kutoka mlangoni. "Wanaziba gari, hawakuzibi wewe."

Wakaziba. Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko njaa ya safarini. Zamani niliitambua pikapu ile kutoka chumbani kwangu kwa kikohozi chake kwenye kona ya soko. Sasa ilipita ikinguruma kwa sauti kavu, safi, na nilikuwa natoka nje nimechelewa, naona mgongo wake tu. Watu sokoni walisema siku hizi inapanda kama imeshushiwa mzigo. Mara moja nilikwenda uani nikasema nimekuja kutazama breki. Breki zilikuwa nzima. Nikasema nitazame oili. Oili ilikuwa nzuri. Bibi akanipa kigoda na chai, ila hakunitania, na hilo likanitisha.

Ndipo simu ikalia.

"Fundi, taa ya injini imewaka. Gari limekosa nguvu kabisa, limenigomea Soni na mzigo."

Nilinyoa ndevu kabla ya kwenda. Njiani nilikuwa naimba.

Alikuwa ameshalivuta hadi uani, na fundi wa Soni alikuwa pale amesimama. "Mimi kuziba nimeziba," akasema. "Haya ya kompyuta sina ujuzi nayo, kaka. Tusaidie."

Nilikifungua kibati nikitamani kukikuta kimepinda. Hakikupinda. Alikipiga tupa kingo zote mpaka zikawa laini, matundu ya bolti yamekaa sawasawa, hakuna mahali moshi ulipopenya. Ilikuwa kazi ya mtu aliyekuwa akimfikiria mwenye gari wakati wote anaikata. Nilikishika mkononi kikiwa bado na joto, na nikamwonea wivu mtu kwa ajili ya kipande cha chuma.

Dawa niliijua. Kompyuta ilikuwa inangoja moshi kidogo urudi, na haikuuona. Ningeweza kukitupa kibati, nikarudisha mambo kama zamani, na Jumamosi zangu zingerudi. Au ningeweza kukitoboa tundu dogo katikati: moshi kidogo upite, kompyuta iridhike, masizi yawe machache, valvu ikae muda mrefu bila kuguswa na mtu.

Mwenye gari alisimama mbele yangu, khanga imelowa ukungu, nyuma yake karoti zimeanza kunyong'onyea.

"Fundi," akasema, "mimi nataka kufika Mombo na kurudi bila kumwomba Mungu kila kona. Sitaki kingine."

Sitaki kingine. Nikaomba drili. Fundi wa Soni akakishika kibati kwa koleo, mimi nikatoboa. Tulifanya kazi vizuri pamoja, na hilo nalo liliniudhi.

Tukaenda kulijaribu hadi Soni na kurudi, sote watatu mbele. Yeye akiendesha, yule katikati, mimi mlangoni. Taa haikuwaka. Kwenye mteremko wakaanza wimbo wa kwaya, sauti yake juu, ya yule chini, na mimi nikatazama mikaratusi ikipita dirishani.

Tuliporudi nilinawa mikono, nikaelekea jikoni kama kawaida. Bibi alikuwa ananingoja njiani. Akanishika kiwiko, akanigeuza taratibu.

"Huku, mgeni wetu. Huku."

Sebuleni meza ilikuwa imetandikwa. Wali, nyama, sahani za maua, kijiko kinachong'aa. Wakanikaribisha, wakanishukuru, "hongea sana, hongea," wakanifungia mlango nisisumbuliwe na moshi. Kupitia ukuta nilisikia kigoda kikivutwa karibu na moto, na sauti ya bibi, kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie: "Kaa hapa, mume wangu." Kisha wakaendelea kwa Kishambaa. Nilikula chote. Nyama ilikuwa laini sana.

Kesho yake nilifunga sanduku. Sikwenda kuaga; ningeaga, wangenikaribisha sebuleni. Nilipata lifti kwenye lori la mbao linaloteremka, nikakaa mbele na dreva. Kwenye kona za chini ya Soni akapunguza mwendo, akasogea kando mpaka matairi yakagusa majani, kwa sababu barabara ile anayepanda ndiye hupewa njia. Pikapu ilikuwa inapanda kutoka Mombo. Ilipita karibu nasi kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono nikagusa paa lake. Yeye alikuwa ametazama kona iliyo mbele. Akapiga honi fupi ya kumshukuru dreva wetu.

Niligeuka nikaitazama mpaka kona ya pili, nikiisikiliza.

"Gari zima hilo," dreva akasema.

"Zima," nikasema, naye akarudi barabarani.