Mashine Imekataa

Nikiona mtu analia kwenye bega la mwenzake, siku hizi naangalia kwanza mikono yake inafanya nini. Sikuwa hivi zamani. Kwa miaka tisa nilikuwa sekretere wa ushirika wetu wa wakulima wa mpunga hapa Luberizi. Niliandika mikutano isiyohesabika, na watu wa huku niliwapenda na kelele zao zote. Kisha tukaletewa zile telekomande, rimoti za kupigia kura, nikawaona jinsi walivyo. Na mimi nimo humohumo, msidhani najitoa.

Hii ni habari ya Capitoline.

Alizaliwa Runingu, akaolewa hapa na Libérat, mwanaume mrefu asiyependa maneno, mmoja wa wale waliochimba mfereji wetu wa maji kwa chepeo tangu mwanzo. Kwa jasho hilo alipewa kipande cha shamba karibu kabisa na mlango wa maji, mahali ambapo mpunga haukauki hata mvua ikituchezea. Capitoline alilipanda shamba hilo kwa mistari iliyonyooka hata tulimtania kwamba analala na kamba ya kupimia. Alikuwa anacheka kidogo tu, halafu anainama tena.

Vita vilipotufikia mwaka 2004, walivuka mto Ruzizi pamoja na wengine wengi, maji kifuani, mizigo kichwani. Libérat alikufa kambini huko ng'ambo, kwa kuhara, kama wanavyokufa watu wa kambini. Capitoline alikaa huko miaka tisa akila mahindi ya kupimiwa kwa kopo. Alirudi mwaka 2013, peke yake, wakati milimani bado wanapigana na njia ya Luvungi inafungwa leo na kufunguliwa kesho. Alikuwa na sufuria moja, kitenge kimoja cha kubadilisha, na karatasi ya ushirika yenye jina la mumewe, ameifunga kwenye plastiki.

Shamba lake alilikuta linalimwa na Ngendakumana, prezida wa ushirika wetu.

Hapa lazima niseme kitu ambacho hakuna mtu aliyekisema mkutanoni. Si Ngendakumana peke yake. Wenzetu walipokimbia, mashamba yao hayakubaki wazi hata msimu mmoja. Sisi tuliobaki tuliyagawana kimyakimya, huyu kipande hiki, yule kile, tukisema tunawatunzia. Mimi nilichukua la Mathieu, jirani yangu, aliyevuka mto siku moja na Capitoline. Kila mmoja wetu alikuwa na Mathieu wake. Kwa hiyo kama Capitoline angerudishiwa lake, kesho yake njia ya mto ingejaa watu na karatasi zao za plastiki. Hilo tulilijua sote, na hakuna aliyelitamka.

Badala yake tulimpokea. Ee, tulimpokea vizuri mno! Georgette, mwanachama mwenzetu, alimpa chumba kwenye ua wake na kummwagia machozi kila asubuhi. Kwenye misa tulimpisha benchi la mbele. "Mama Capitoline, shamba iko yako, hata Mungu iko anajua," kila mtu alimwambia. Naye alijibu, "Aksanti. Basi mulirudishe." Tukamwambia angoje mkutano.

Mkutano ulikuja na shirika moja la amani, ambalo sitalitaja. Wao walisema watu wadogo wanaogopa kunyoosha mkono mbele ya wakubwa, kwa hiyo kura iwe ya siri. Wakamtuma bwana Chabani, mtu wa Uvira mjini, wa zile familia za wafanyabiashara Waislamu wa kando ya ziwa, mwenye tumbo la heshima na adabu nyingi. Alitundika shuka jeupe juu ya magunia ya mpunga ndani ya hangari yetu, akawasha jenereta, na picha ya kompyuta ikaonekana kwenye shuka. Kisha akatugawia telekomande ndogo, moja moja, akifuata orodha yangu ya wanachama. Tulikuwa arobaini na wawili, pamoja na Capitoline, aliyeandikwa mahali pa mumewe.

Ili kutufundisha, alituuliza kama bugali inaliwa vizuri zaidi na ndagala au na maharage. Ukifinya kitufe cha moja, ni ndagala. Ukifinya mbili, maharage. Tukafinya. Kwenye shuka zikasimama nguzo mbili za rangi, na ya maharage ilikuwa ndefu kupita ya ndagala. Watu tunaojisifia samaki wa ziwa Tanganyika usiku na mchana! Hangari nzima ilicheka hadi jenereta haikusikika. Bwana Chabani akasema, "Munaona? Hakuna mutu anajua nani alifinya nini. Hata minye sijui." Na ilikuwa kweli. Mtu huyo hakutudanganya neno hata moja.

Likafika shauri la Capitoline. Kwetu, mtu anayezungumziwa hakai ndani, huambiwa atoke ili watu waseme bila kumtazama usoni. Ngendakumana akamwambia kwa upole, "Mama, utoke kidogo." Capitoline akasimama, akakusanya kitenge chake kwa mikono miwili, akaenda kukaa nje, upande wa pili wa ukuta wa mbao, penye uwanja tunapoanikia mpunga.

Basi watu wakasema, nami nikaandika. Daftari ninalo mpaka leo, nikilifungua natamani kutema mate. Georgette: mjane asinyang'anywe. Mzee mmoja wa kwaya: tutamjibu nini Libérat huko aliko? Ngendakumana mwenyewe alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema yeye alikuwa mlinzi tu wa shamba lile, na mlinzi hana uchungu mwenyewe akirudi. Tulimpigia makofi. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Wote wanakubali."

Bwana Chabani akapaza sauti ili asikike juu ya jenereta: "Mama Capitoline arudishiwe shamba? Moja ni ndiyo. Mbili ni hapana."

Nilikuwa na kilo kumi za maharage ya kupanda shambani kwa Mathieu, nilijiambia, na watoto wanne. Nilifunika telekomande kwa kiganja, kama mtu anayeficha kidonda. Nikafinya mbili.

Nilifikiri niko peke yangu. Hapo ndipo ninapojicheka mpaka leo, maana nilikuwa tayari nimeanza kujionea aibu, nikijipa moyo kwamba wengine watamwokoa. Nguzo zikasimama kwenye shuka. Moja ilipanda, ikapanda, ikakaribia ukingo wa juu wa shuka. Nyingine ilikuwa kama ukucha. Hapana, arobaini na moja. Ndiyo, moja.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu alitazama shuka, halafu miguu yake. Harufu ya mafuta ya jenereta na ya jasho letu ilijaa hangari. Watu waliokuwa wanafuta machozi dakika tano zilizopita bado walikuwa na leso mkononi. Bwana Chabani akakusanya telekomande zake, akahesabu, akakuta moja inapungua, akatoka nje kidogo, akarudi nayo. Nilimwona, wala sikuwaza chochote.

Ngendakumana ndiye aliyekwenda kumpa Capitoline habari. Tulisimama nyuma yake kama kundi la mbuzi. Alimshika mikono yote miwili na kusema, kwa sauti ya msibani kabisa:

"Mama, si siye. Mashine imekataa."

Nasi tukaitikia. Ee, mashine imekataa. Pole, Mama, mashine hii haina huruma. Georgette akaanza kulia upya.

Capitoline alitutazama, mmoja baada ya mwingine, hakuruka mtu. Kisha akasema, "Sawa," akaenda zake.

Nilikaa siku nne nikibeba ile nguzo ndefu kichwani. Nikimwona kisimani, narudi na ndoo tupu. Siku ya tano nilichota maharage kwenye bakuli, nikayafunika, nikaenda kwenye ua wa Georgette wakati mwenye ua yuko sokoni. Njiani nilijiambia kwamba si uongo mkubwa. Kuna mtu mmoja alifinya ndiyo, hajulikani, hatajulikana, na kama hajulikani, nani atanikataza kuwa yeye? Nilitaka tu kuangaliwa vizuri na Capitoline. Nilitaka kulima shamba la Mathieu na kuangaliwa vizuri.

Nilimkuta amekaa juu ya mkeka, anachambua mchele wa kununua. Yeye, mke wa Libérat, mchele wa kununua.

"Mama," nikamwambia, "nilikuya kukuambia kitu. Usimwambie mutu. Ile kura moja, ilikuwa yangu."

Hakushtuka. Alisogeza bakuli langu pembeni na kuniuliza, "Weye pia?"

Akanionyesha kona ya chumba kwa kidevu. Kulikuwa na kidumu cha mafuta ya mawese, ndagala wakavu kwenye gazeti, unga wa muhogo, sabuni tatu, ndizi, chumvi, na jogoo amefungwa mguu kwenye kitanda.

"Hesabu," akasema. "Bamama kumi na mumoja, bapapa tano. Na weye, kumi na saba. Bote ile moja iko yao."

"Na jogoo?" nikauliza, sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Prezida. Yeye njo alikuya wa kwanza."

Mwanaume aliyemnyang'anya shamba alimletea jogoo ili apendwe! Nilitaka kutukana, lakini bakuli langu la maharage lilikuwa pale pale, limesimama karibu na jogoo wake, na halikuwa na tofauti yoyote.

"Félicité," Capitoline akaendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma, "siku ile mulinitosha inje. Hakuna mutu aliniomba telekomande. Nilitoka nayo mu kitenge. Yule papa wa Uvira alipiga kelele, nikamusikia kupitia mbao: moja ni ndiyo. Minye nikafinya moja."

Nilihesabu upya. Arobaini na mmoja ndani, mmoja nje. Orodha niliiandika mwenyewe.

"Sasa," akasema, "Jumapili, nyuma ya misa, muite watu. Bila mashine."

Jumapili niliita. Walikuja wote, kwa kuwa kila mmoja alidhani anakuja kumfariji. Capitoline alisimama kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, mahali palepale alipokuwa amekaa siku ya kura. Hakupaza sauti. Alisema kwamba wiki ile watu wengi walimfikia, mmoja mmoja, kwa siri, kumwambia kwamba ile ndiyo ilikuwa yao. Siri hiyo imekuwa nzito kwake, hawezi kuibeba peke yake.

"Naomba wale waliniambia vile, wanyooshe mukono. Prezida, weye ulikuwa wa kwanza."

Ngendakumana alimtazama mke wake, ambaye hakujua jogoo wao alikwenda wapi, ila alijua tu kwamba amepotea. Alinyoosha mkono. Ukafuata wa pili, ukafuata wa Georgette, wa mzee wa kwaya, na mingine. Wale ambao hawakuwa wamekwenda kwa Capitoline na chochote waliangaliana, wakanyoosha nao, maana nani atabaki na mkono chini mbele ya watu? Mikono ilijaa uwanja mzima. Wangu ulikuwa wa pili baada ya wa prezida, na ulipanda haraka hata bega likaniuma.

"Basi," akasema Capitoline, "andika, Félicité."

Niliandika. Arobaini na moja, ndiyo. Jumatatu aliingia shambani kwake, akang'oa mpunga wa Ngendakumana uliopandwa ovyo, akaanza mistari yake. Vyakula vyote alivyoletewa alivirudisha kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, mchana kweupe, akiita jina mlangoni. Jogoo alimrudisha wa mwisho. Hakuna aliyemsamehe, mimi ni wa kwanza. Tunamsalimia tukitazama kando.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu bora.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Mathieu alirudi. Nilikutana naye kwenye njia ya mfereji, amekonda, karatasi yake ndani ya plastiki. Nilimkumbatia. Nilimlilia begani, na machozi yalikuwa ya kweli, naapa. "Karibu nyumbani, kaka, shamba iko yako," nilimwambia. Kisha nikaenda nyumbani, nikachukua karatasi safi, nikaliandikia lile shirika la amani. Niliandika kwamba wanachama wetu walizipenda sana zile telekomande, kwamba zinawapa wadogo uhuru wa kusema wasichoweza kusema mbele za watu, na kwamba tungeomba bwana Chabani aje nazo tena mapema.

Barua ya ushirika inataka saini mbili. Ngendakumana alikuwa amekwenda Bukavu. Wengine wanaojua kusoma ni wachache, na sijui ni kiburi gani kilichonipeleka mpaka shambani kwa Capitoline. Alinawa mikono kwenye mfereji, akaisoma yote, polepole, kidole chini ya maneno.

"Mathieu alirudi?" akauliza.

"Alirudi."

Alinirudishia barua bila saini.

"Maharage ya kumupelekea," akasema, "uanze kuyachambua leo."

Akainama, akaendelea kupanda. Mimi nilingoja mpaka Ngendakumana aliporudi kutoka Bukavu. Alitia saini bila kusoma, nikapiga muhuri.