Noti ya Impi

Kwa miaka thelathini na mmoja Eelis Kankaanrinta alipigia kinanda migongo ya watu. Ibada ikiisha katika kanisa la Hietaperä, yeye kule juu roshani huanza kipande cha muziki cha dakika tatu cha Arvi Sorsamo, mtunzi aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa, na waumini nao hubeba makoti yao wakakimbilia ukumbini kwenye kahawa na mikate mitamu ya iliki. Kanisani hapigiwi mtu makofi. Na kusifiwa usoni ndiyo kabisa usingoje. Sifa zako utasomewa siku ya mazishi, tena kutoka kwenye kadi za rambirambi.

Msikilizaji wake alikuwa mmoja tu, mkewe Impi. Impi alibaki kwenye benchi, na kipande kikikaribia mwisho alipanda ngazi kumfuata mumewe, akiburuta mguu wake mbovu. Basi Eelis alikuwa akiivuta noti moja, anaivuta tu, mpaka asikie fimbo ya Impi ikigonga kidato cha juu, ndipo amalize. Sorsamo hakuandika hivyo, lakini ndoa ni ndoa.

Impi alifariki mwezi wa pili. Tangu hapo Eelis alikigeuzia ukutani kile kioo kidogo cha mpiga kinanda, kinachomwonyesha kanisa chini, asilione benchi tupu. Ile noti aliendelea kuivuta, kwa mazoea tu. Sasa ilikuwa Jumapili yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na alitaka jambo moja tu, ambalo hata kulitaka aliona haya: mtu mmoja abaki asikilize mpaka mwisho.

Akaanza. Akasikia nyayo, mlango, kikohozi cha mzee fulani, kisha kimya. Alipofika kwenye ile noti, leo hakuivuta. Aivute akimngoja nani? Alimaliza kama ilivyoandikwa, akashuka.

Saimi, mtunza kanisa, alikuwa amekaa benchi la nyuma, funguo mapajani.

"Wewe, hujaenda kwenye kahawa?"

"Nangoja nifunge mlango."

"Aa." Eelis akageukia mlango. "Basi funga."

Saimi hakuinuka. "Leo umeharakisha."

"Nani, mimi? Nimepiga kama karatasi inavyosema."

"Karatasi ndiyo nini? Kuna pale mwishoni unapovutaga. Miaka yote nafagia pale mlangoni huku napangoja. Leo umenikatia njiani."

"Miaka yote? Na hukuniambia?"

"Kwani uliniuliza?"

Eelis alishika benchi, machozi yakamtoka. Saimi akatazama dirishani mpaka mwenzake alipomaliza kuyafuta. Ndiyo adabu ya huko.

"Kahawa itapoa," Eelis akasema.

"Ipoe. Panda ukamalize."

Akapanda, akakigeuza kioo, akapiga tangu mwanzo. Kwenye ile noti akavuta, akavuta, masikio yote yakiwa ngazini. Hakupanda mtu. Kwenye kioo Saimi alikuwa bado amekaa, na Eelis akaiacha noti iishe.