Mringaringa Ulioangukia Nyumba ya Jirani

Nilikuwa na miezi minne tangu niolewe, na bado sikuwa nimezoea kimya cha nyumba ya mama mkwe wangu. Ilikuwa juu ya Tengeru, ndani kabisa ya kihamba cha migomba na kahawa, mahali ambapo hata jua la saa sita lilifika uani kwa vipande vipande. Mimi nilitoka Machame. Kimeru chao kinakaribiana na Kichaga chetu, lakini si sawa, na mara nyingi nilicheka kabla ya wakati au nikachelewa kucheka. Mume wangu alikuwa fundi kwenye gereji mjini Arusha. Alikuja Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Siku zilizobaki tulikuwa wawili, mimi na mama yake mjane. Sikuweza kutulia. Nilikuwa nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Ng'ambo ya mpaka uliopandwa masale aliishi mjane mwingine. Yeye na mama mkwe walikuwa hawasemezani kwa miaka, kwa ajili ya mringaringa mmoja mkubwa uliosimama upande wetu na kutia kivuli kwenye kahawa yake. Aliomba ukatwe. Mama mkwe alikataa, kwa kuwa ulipandwa na baba wa marehemu mumewe. Kanisani walikaa mabenchi ya mbali. Mimi niliambiwa nimwamkie jirani, nisizidishe.

Upepo ulikuja mchana. Ilikuwa masika, enzi ya Mwingereza, vita vimekwisha lakini sukari bado adimu madukani. Nilikuwa nachambua maharage. Kwanza ng'ombe wetu aliacha kutafuna. Kisha nikasikia kama lori linashuka kutoka mlimani, upande ambako hakukuwa na barabara yoyote.

"Mlango!" mama mkwe alipiga kelele.

Tuliuegemea kwa migongo, miguu tumeikita sakafuni. Nje migomba ilivunjika mmoja mmoja, halafu kwa makundi, kwa mlio mzito wa kitu chenye maji ndani. Nyasi za paa zilinyofolewa juu ya vichwa vyetu, mvua ikaingia. Halafu ukaja mshindo mmoja ulioitikisa sakafu. Nililia kwa Kichaga, nikamwita mama yangu mzazi. Mama mkwe aliushika mkono wangu, akaubana hadi ukaniuma.

Upepo ulipopita, kilichonitisha ni mwanga. Uwanja wote ulikuwa mweupe. Migomba ililala chini, yote ikielekea upande mmoja, mikungu imefunikwa na matope, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliuona mlango wa jirani kutoka mlangoni petu. Yaani niliona mahali pake. Mlango wenyewe ulikuwa chini ya mringaringa.

Jirani alikuwa shambani wakati ule, akajificha kwenye mfereji, ndiyo maana alipona. Alikuja ametapakaa tope, akasimama pale pale palipokuwa na masale.

"Mti wako umelala juu ya nyumba yangu," alisema.

"Nimeuona," mama mkwe akajibu.

"Ng'ombe wangu yumo ndani. Ana mimba."

Tulimsikia. Alikuwa hapigi kelele, alikuwa anakoroma.

Mama mkwe alinituma nikatafute wanaume. Nilikimbia hadi njia kuu, nikirukaruka juu ya migomba, nikarudi na habari tu: tarishi wa Mangi, chifu wa huko, alikuwa amewakusanya wote wakafungue barabara ya magari, kwani miti ilikuwa imeifunga kutoka kwetu hadi Maji ya Chai. Wangerudi jioni, labda kesho.

Mama mkwe aliingia ndani. Alitoka na msumeno mrefu wa kuvutwa na watu wawili, wa marehemu mumewe, umeviringwa kwenye gunia na kupakwa mafuta. Akanipa mpini mmoja. Jirani akashika wa pili.

Sikujua kazi ile. Kila mara jirani alipovuta, mimi nilisukuma, na bamba la msumeno likajikunja na kukwama. Kila tawi lilipotikisika nyuma yangu niligeuka kutazama mlimani.

"Toka, mwanangu," mama mkwe alisema mwishowe. "Unakata au unatazama upepo?"

Akashika mpini wangu. Wakaanza, wanawake wawili ambao hawakuwa wamepeana hata salamu kwa miaka.

"Vuta."

"Nimevuta."

"Usisukume, legeza tu."

Walikata kwa muda mrefu hivyo. Unga wa mti ulinata kwenye magoti yao. Kisha jirani akasema, bila kuinua uso, "Nilikuambia mti huu una kidonda shinani."

"Uliniambia unakunyima jua. Habari ya kidonda hukuniambia."

"Ungenisikiliza?"

Mama mkwe alivuta mara tatu nne. "Hapana," akasema.

Kipande kilipokatika, sote watatu tulikibiringisha. Nilipanua tundu ukutani kwa panga, na ng'ombe akatoka, mgongo umechubuka, macho yamemtoka. Alitupita akakimbilia mlimani, tukamfukuza juu ya ile migomba iliyoanguka, tukiteleza na kuinuka. Tulipomkamata alikataa kuingia nyumba yoyote. Alifungwa nje, na nje ndiko alikozalia, wiki tatu baadaye, ndama jike mwenye afya.

Siku zilizofuata zilikuwa za ndizi. Majirani wa mteremko mzima walikuwa na ndizi mbichi kuliko walivyoweza kula, na wote walijua kwamba zikiisha hakuna nyingine mpaka machipukizi yazae. Tulimenya, tukakata, tukaanika mikekani kwa ajili ya unga. Utomvu ulitia mikono weusi usiotoka kwa sabuni. Wanaume waliporudi kutoka barabarani waliezeka, kwanza nyumba ya jirani, kisha yetu. Jirani alilala kwetu siku tisa, na katika siku hizo yeye na mama mkwe waligombana juu ya mbao za mringaringa, juu ya mahali mpaka ulipopita, juu ya chumvi kwenye maharage. Mimi nilikuwa nasikiliza majani, kama upepo unarudi. Nilikaa, nikasimama, nikatoka nje.

"Kaa chini," waliniambia, na hapo tu walikubaliana.

Mume wangu alifika siku ya nne, kwa miguu, kwani daraja lilikuwa limeharibika. Kabla hajala nilimwambia nataka kwenda naye mjini. Nilijua ni aibu. Mke mpya haachi kihamba kilicholala chini, haachi mama mkwe mwenye njaa mbele yake. Alimtazama mama yake.

"Mchukue," mama mkwe alisema. "Huyu hajarudi kutoka kwenye ule upepo."

Nikaenda. Tulipanga chumba Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, na kwa miezi mingi kila lori lililoshuka usiku liliniamsha, nikajikuta nimeuegemea mlango. Unga wa ndizi nilizoanika, wao ndio walioula. Niliwapelekea mahindi kila nilipoweza, na kila nilipofika nilitafuta sababu ya kuondoka mapema.

Miaka ikapita. Mama mkwe aliugua, nikaitwa. Nilimkuta kitandani, na jirani ameketi karibu naye na bakuli.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama," niliwaamkia wote wawili.

"Marahaba," jirani akajibu.

"Uji huu ni maji matupu," mama mkwe alikuwa analalamika.

"Meza tu. Jana ulisema ni mzito."

Hakuna aliyeniambia niketi. Nilibaki nimesimama karibu na mlango na kikapu changu mkononi, nikitafuta mahali pa kukiweka.