Mkoba Nyuma ya Mlango

Nakumbuka alasiri moja ya kaskazi, mwanangu, miaka ile ya hamsini, nilipokaribia kupewa talaka kwa sababu ya mkoba. Usicheke bado. Nilikuwa mke wa juzijuzi, hina ya harusi haijaniisha kwenye kucha, na mume wangu Athumani nilikuwa nampenda kweli. Nayasema haya wazi kwa kuwa uzee umeniondolea haya.

Mimi ni wa kijiji cha Moa. Huko nyumba yetu ya makuti iliungua nikiwa mtoto, tukatoka na nguo za mwilini tu. Tangu hapo mama yangu hakukaa bila mkoba wa ukili nyuma ya mlango, majirani wakamwiga, nami nikakua nikidhani kila nyumba duniani ina mkoba kama ilivyo na mtungi. Nilipoolewa Tanga mjini, pale Mabawa, fungate ilipokwisha nikasuka wangu. Sikununua kitu. Nilitia chupa ya maji, tende kidogo, kibatari, kibiriti ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko kisiingiwe na unyevu, kanga kuukuu, na vitu vingine vya watu wa nyumba ile. Nikautundika msumarini, wala sikumweleza mtu. Nani anaeleza mtungi?

Kumbe Mabawa mambo mengine. Huko mke akitundika mkoba uliojaa nyuma ya mlango, amefunga virago. Anamwambia mume kwa vitendo kile asichoweza kukitamka. Mama mkwe wangu, Bi Mwanasha, aliuona alipokuwa akifagia. Hakuugusa wala hakuniuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa Ami Rajabu, mdogo wa marehemu mumewe, na kesho yake baada ya sala ya alasiri nikaitwa ukumbini. Mkoba wangu ulikuwa umewekwa katikati ya mkeka bila kufunguliwa, kama mwizi aliyekamatwa.

"Mwanangu," akasema Ami Rajabu, "kama nyumba imekushinda, sema. Hatumfungi mtu kwa kamba. Lakini kuondoka kimya kimya ni kutuvua nguo."

Athumani hakuniangalia. "Mimi nimekukosea nini?" aliuliza.

Nilitaka kujibu, ila mwali wa siku zile hakufungua mdomo kirahisi mbele ya wakwe. Machozi yakatangulia maneno. Bi Mwanasha akayachukua kuwa ndiyo ushahidi.

"Si mwamuona? Yuwalilia kwao."

Hapo ndipo tuliposikia watu wakipiga kelele za moto. Kwenye nyumba ya jirani cheche ya jikoni ilikuwa imeshika makuti, na kaskazi ilikuwa ikivuma. Wewe umezoea bati, hujui. Makuti yakishika, hata viatu huna nafasi ya kuvaa. Ami Rajabu, mtu mzima na heshima zake, alitoka mbio amekumbatia mbuzi ya kukunia nazi, na mpaka leo hakuna ajuaye kwa nini. Athumani alikimbilia chumbani kutafuta karatasi za kiwanja, anapapasa tu katika moshi. Nikamvuta kanzu.

"Karatasi ninazo. Toka."

Nikanyakua mkoba kwa mkono mmoja na mama mkwe kwa mkono wa pili. Tulipofika uwanjani, paa letu likashika nyuma yetu.

Bi Mwanasha alikuwa na pumu. Moshi ulimbana kifua, anavuta pumzi haiji, midomo inabadilika rangi. Vidonge vyake vilikuwa chini ya mto, na chumba chenyewe kilikuwa kinawaka. Athumani akageuka arudi motoni kuvifuata. Nilimshika, nikaufungua mkoba. Nikatoa kanga ya mama mkwe, na ndani ya pindo lake vidonge nilivyokuwa navitenga kila alipoletewa vipya kutoka hospitali. Nikampa na maji. Tukamkalisha, tukangoja, na sijapata kuogopa vile tena. Pumzi ikarudi kidogo kidogo mpaka akaweza kusema.

"Umetia dawa yangu," akasema. "Na kanga yangu."

"Na karatasi za mwanao, Mama, na tende za sote."

Akamgeukia shemeji yake. "Rajabu, mke anayekwenda kwao hubeba dawa ya mkwewe?"

Ami Rajabu aliitazama ile mbuzi mikononi mwake. Athumani alinishika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo waungwana wa wakati ule hawakulifanya.

Mwanangu, nyumba ilikuwa jivu, nami nilikuwa na furaha hata naona aibu. Watoto wa majirani walikunywa maji yetu, tende zikagawanywa, na mtaa mzima hakufa mtu. Nyumba ilipojengwa upya, Bi Mwanasha ndiye aliyepigilia msumari kwa mkono wake. Kisha akazunguka mlango kwa mlango kuwafundisha wanawake wa Mabawa kufunga virago. Alilitumia neno lile lile makusudi, na mume aliyenuna aliambiwa aje azungumze naye. Hakuja hata mmoja. Kabla ya kaskazi nyingine, mtaa wote ulikuwa tayari, nami nikipita nilipita kifua mbele.

Basi nisikilize. Iwe moto au mafuriko haya yenu ya siku hizi, usingoje mpaka upate fedha. Begi la shule lililochakaa linatosha. Tia maji, chakula kisichotaka kupikwa, tochi, nguo ya kubadili, na vyeti ndani ya mfuko wa plastiki. Mwezi ukiandama, badilisha maji na chakula. Waite wote wa nyumbani uwaambie ni wa nini, hata mtoto aujue ulipo. Na unapoujaza, anza na yule asiyeweza kukimbia: dawa yake, nguo yake, maji yake. Ukishamtengenezea huyo, umeitengenezea nyumba nzima.

Mola akujaalie mkoba wako uozee msumarini bila kuhitajika. Na siku ukihitajika, akutoe mlangoni na watu wako wote, ukigeuka kuwahesabu usimkose hata mmoja. Amin.