Machozi ya Meneja

Cherotich si mwanamke wa kutishwatishwa. Kwenye nyumba ya wazee anakofanya unesi, huko ughaibuni, mtaa wa Merrylands, hata madaktari humwogopa kidogo. Ndiyo maana Bénie, dada wa Kirundi aliyekulia kambini Tanzania, alimwomba yeye amsemee.

Kisa chenyewe ni hiki. Bibi mmoja wa Kizungu alisema hataki mikono myeusi imwogeshe. Meneja wao, Meredith, hakumkanya yule bibi. Alimwondoa Bénie zamu za mchana akamrundikia za usiku, ati kulinda amani. Bénie ana mtoto mchanga na hana wa kumwachia usiku. Bila zamu za mchana, kazi imekwisha.

Na Mgala muue na haki yake mpe: Meredith amewapigania wanawake tangu ujana wake. Siku ya Wanawake yeye ndiye hukata keki, akahutubia mpaka chai ikapoa. Lakini wanawake gani? Hapo ndipo penye kazi.

Basi kwenye mkutano wa wafanyakazi Cherotich akalisema bila kuzungukazunguka. "Bibi amebagua, na wewe umemsaidia."

Ala! Meredith akaangua kilio. Yeye, aliyesimama na wanawake maisha yake yote, leo aitwe mbaguzi! Wenzake Wazungu wakamzunguka na tishu. Na Cherotich, jamani, Cherotich naye akainuka! Kwao Kericho hukai kitako mtu mzima akilia mbele yako, watasema hukulelewa. Akamshika mabega, akampa maji, akambembeleza mpaka akanyamaza. Meredith akamkumbatia, akashukuru kwamba wamepatana, na mkutano ukafungwa. Bénie, aliyekuwa amekaa pale pale mezani, hakuna aliyemtaja tena.

Cherotich na Bénie walikutana kituoni wakingoja treni. Bénie hakumwamkia.

"Dada, mimi nimelia wiki nzima kwenye chumba cha kubadilishia nguo," alisema. "Kuna aliyeniletea maji?"

Cherotich mwenyewe aliwahi kumpita mle chumbani, akamwona akilia, akaenda na haraka zake. Aliona haya, haya za kumfanya mtu mzima atazame viatu vyake. Walipanda treni ile ile, wakakaa mbalimbali.

Asubuhi alibisha ofisini kwa meneja. Meredith alitabasamu, akamkaribisha kiti kama rafiki. Cherotich akaanza upya, kuhusu yule bibi, zamu, mtoto mchanga, na kabla hajafika mbali, macho ya Meredith yakajaa. Mwili mzima wa Cherotich ulitaka kuinuka, vidole vilimwasha. Akaviweka chini ya mapaja, akavikalia.

"Lia tu, Meredith," alisema. "Mimi nipo. Ukimaliza tutazungumza zamu za Bénie."